Namba ya Kuazima

Karatasi tuliyomwacha nayo Mkemia bado iko mkononi mwake, msomaji.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita: binti huyu anafanya kazi katika maabara ya serikali, chumba cha tatu kushoto, kazi yake kupima bangi iliyokamatwa na polisi. Asubuhi hii alifika kabla ya wenzake. Alitoa kwenye pochi yake kopo la vifungo la mama yake, akachota humo bangi kidogo kwa ncha za vidole, akaiweka kwenye mashine ya kupima madini, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Mashine ikalia, ikatema karatasi.

Haya. Karatasi ilisema madini ya risasi.

Na si chembe ya kusingizia vumbi. Kiasi kile kingekutwa kwenye maji ya kisima, kisima kingefukiwa siku hiyohiyo.

Mkemia aliketi kwenye stuli. Hakulia. Kulia nako kunataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa zimeishia kwenye korido za hospitali tangu mwaka jana, mama yake alipoambiwa ana saratani. Kila Mama alipotundikiwa dawa ya saratani alitapika hata maji. Bangi ndiyo pekee iliyomtuliza akaweza kumeza uji. Kaka mkubwa, dereva wa lori la matofali, ndiye aliyekuwa akiileta, na Mama alikuwa akiivuta dirishani kwa kuishika na kibanio cha nywele, taulo lililoloweshwa likiwa chini ya mlango ili majirani wasinuse.

Kisha, miezi miwili iliyopita, yakaanza mengine. Tumbo likawa linamkata kama wembe. Viganja vikalegea, mwanamke aliyeshona sare za shule maisha yake yote akashindwa kuinua kikombe cha chai. Kwenye fizi zake ukatokea mstari mwembamba wa samawati. Madaktari walisema saratani imesambaa. Walianza kuongea na familia kwa ile sauti ya chini.

Kumbe haya mengine hayakuwa saratani. Kuna mtu mahali fulani alikuwa anasaga madini na kuyachanganya na majani ili mzigo uvute mizani, akijua vizuri kwamba mnunuzi wa bangi hana ofisi ya kwenda kulalamika.

Kwa namna yake hii ilikuwa habari njema. Sumu hiyo ina dawa, na hospitali ile inayo. Hutundikwa siku tano mfululizo, ikaivuta risasi kutoka mwilini. Kilichotakiwa ni daktari kuambiwa apime damu kutafuta kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifikiria.

Mkemia alikunja karatasi aichane. Hapo ufunguo ukageuka mlangoni, kwa nje.

Aliyeingia alikuwa Mkuu wa maabara. Wafanyakazi humwita Ratiba, kwa sababu hata kikohozi chake kina saa yake. Alinyoosha mkono akachukua karatasi kama mtu anayechukua chenji yake.

Sasa sikiliza kosa lilipo, na ni kosa ambalo mimi na wewe tusingelifanya kwa sababu hatufanyi kazi pale. Ile mashine haiwaki bila kuandikiwa namba ya kielelezo cha mahakama. Mama hana namba. Kwa hiyo Mkemia alikuwa ameazima namba ya kielelezo alichokimaliza jana yake, 412, misokoto miwili iliyokutwa kwenye kisanduku cha kiwi cha mzee mmoja anayeshona viatu pembeni mwa barabara. Alidhani ataazima kwa dakika mbili, achane karatasi, basi.

Ratiba alisoma namba, akasoma kilichoandikwa chini yake, uso ukamchangamka. Alisema mashine ile ilinunuliwa kwa ajili ya kupima maji na imekaa bila kazi tangu iletwe, wakubwa wanauliza, na sasa angalau ana kitu cha kuwaonyesha. Alipongeza bidii ya vijana. Aligonga muhuri. Tarishi wa mahakama alikuwa anasubiri nje na jalada la 412, kwa kuwa kesi ilikuwa kesho yake. Karatasi ikaingia jaladani, jalada likaingia kwenye mfuko, mfuko ukapanda pikipiki.

Mkemia alifungua mdomo. Yeye ni mtu wa kuandika, si wa kusema. Darasani alikuwa akijua jibu na kusubiri aulizwe, na mara nyingi hakuulizwa.

Alipopata akili alifanya jambo moja la maana. Alirudi stoo akatoa misokoto yenyewe ya Fundi Viatu, akaipima kwa mashine ileile, kwa namba ileile, safari hii ikiwa namba ya haki. Ilitoka safi. Ni majani tu, mabovu kidogo, yana ukungu pembeni. Risasi hakuna.

Akapeleka karatasi ya pili kwa Ratiba, na mbele ya meza yake, akiitazama sakafu, akamweleza kwamba ile ya kwanza haikuwa ya 412. Hakusema ilikuwa ya nani.

Ratiba alivua miwani. Alimwambia kwamba mwendesha mashtaka ameshapiga simu, amefurahi kupita kiasi. Kesho hati ya mashtaka inabadilishwa. Fundi Viatu hatashtakiwa tena kwa kukutwa na bangi, atashtakiwa kwa kuwatilia watu sumu.

"Hiyo ni miaka mingapi?" Mkemia aliuliza.

"Kwa umri wake ni yote iliyobaki." Ratiba alisukuma ile karatasi ya pili kurudi upande wa Mkemia, kwa kidole kimoja. "Unataka nisimame niseme maabara yangu inachanganya namba? Kila aliyefungwa kwa mkono wako miaka sita hii ataomba kesi yake ifunguliwe upya. Nenda nyumbani ukalale. Kesho ukiulizwa kama ni bangi, sema ni bangi."

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Alikwenda moja kwa moja chooni na lile kopo la vifungo, akamwaga kilichomo, akavuta maji mara tatu. Kisha akaingia chumbani kwa Mama.

Mama alikuwa amelala ubavu, macho dirishani. Kaka alikuwa ameketi chini ameegemea kabati, buti za kazini bado miguuni, unga wa matofali hadi kwenye nyusi.

"Nimesikia maji mara tatu," Mama alisema. "Umemwaga dawa yangu."

"Nimemwaga sumu, Mama."

Aliwasimulia yote, toka mashine hadi pikipiki ya tarishi. Alipofika kwenye ule mstari wa kwenye fizi, Kaka aliinua mkono kama mwanafunzi, akauliza kama ana uhakika, akaushusha kabla hajajibiwa.

"Nilikuwa nafurahi ni nzito," Kaka alisema mwishowe. "Nikawa nasema huyu jamaa hapunji. Nikamwacha yule wa kwanza nikahamia kwake kwa sababu hapunji."

Alijifuta uso, unga ukageuka tope. Alisema kitu hiki kingekuwa kinauzwa dukani kwa risiti, sasa hivi angekuwa njiani na risiti yake, amshike mtu shati mbele za watu. Lakini atakwenda kumwambia nini nani? Kwamba bangi yake ya magendo haina ubora?

Mama alicheka, kicheko kikamgeukia maumivu ya tumbo, akasubiri yapite. "Maziwa ninayokunywa yana muhuri," alisema. "Mkate una tarehe. Hata ile sumu ya panya pale juu ya kabati imeandikwa kilichomo ndani, na panya hajui kusoma. Kitu pekee kinachonifanya nile ndicho hakina hata herufi moja."

"Kisheria hakipo, Mama."

"Hakipo, na wewe unakipima kila siku?"

"Napima kama ni bangi, ili mtu afungwe. Fomu yetu ina swali moja tu. Kilichomo ndani hakuna anayeuliza."

Mwenyewe aliyasikia maneno hayo yakitoka na yakamchosha. Mkemia si katika wale wanaosema jani hilo halimdhuru mtu. Ameona vijana waliovuta toka utotoni, akili zimewatoka, wanalindwa na mama zao kama watoto wachanga. Lakini miaka sita ya kujaza fomu ilikuwa imemfundisha kwamba katazo halikumwondolea hata mmoja wao msokoto mdomoni. Lilichofanya ni kumkabidhi kazi ya upimaji yule anayesaga madini. Kitu hicho kingeruhusiwa, kikapimwa, kikaandikwa, mtoto akakataliwa dukani na mgonjwa akapewa kwa cheti, yeye Mkemia angekuwa na fomu ya maswali kumi, na Mama angeinua kikombe chake mwenyewe.

Alimshika Mama kiganja. Kilining'inia tu.

"Kesho asubuhi twende kwa daktari," alisema. "Umwambie unavuta nini. Dawa ipo."

Hapo ndipo Mama alipomshangaza. Alikubali, bila ubishi, na sisi tunaomjua toka toleo la kwanza tunajua huyu ni mwanamke anayebishana hata na redio. Alisema atapelekwa na Kaka, kesho saa tatu, amwambie daktari kwa mdomo wake mwenyewe. Daktari ana kiapo cha siri, hamwiti askari.

"Ila nina sharti. Wewe kesho mahakamani jitie hamnazo. Ukisema kitu hiki kilitoka chumbani kwangu, watakuja kunichukua kabla chupa haijaisha, na mahabusu hakuna wa kunitundikia dawa. Watamchukua na huyu aliyeileta. Utabaki na nani?"

Siku tano mfululizo, Mkemia aliwaza. Ikikatwa katikati, risasi iliyoamshwa mwilini haina pa kwenda.

"Na yule Fundi Viatu?" aliuliza.

Kaka alianza kufungua kamba za buti, kwa makini sana, kama kazi ya kulipwa. Mama alifumba macho.

"Simjui, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Simjui."

Asubuhi, Kaka alimbeba Mama hadi kwenye lori, akamketisha mbele kwa mito miwili. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na kujipaka poda. Alimwambia Mkemia kupitia dirisha kwamba sketi yake imechanika pindo, na kwamba zamani angeishona akiwa amesimama nayo hapohapo. Lori likaondoka.

Chumba cha mahakama kina feni moja inayozunguka kwa kulalamika na benchi tatu zilizong'arishwa na makalio ya watu wanaosubiri. Mkemia anakijua. Miaka sita amekuwa akiingia humo, anaapa, anaulizwa, "Ni bangi?" anajibu, "Ni bangi," anasaini, anaondoka. Hajawahi kukaa kizimbani zaidi ya dakika nne.

Fundi Viatu alikuwa upande wa pili, mzee mfupi, kucha nyeusi kwa kiwi, amevaa viatu vilivyong'aa kuliko vya mwendesha mashtaka. Hati mpya iliposomwa alionekana hakuielewa. Karani akairudia. Alipofika kwenye neno sumu, mzee aliinua mkono bila ruhusa.

"Mheshimiwa, kuvuta navuta. Mgongo huu bila kuvuta haukunji. Hilo niandikieni, nakubali. Lakini sumu?" Aligeuka akawatazama watu kwenye benchi, mmoja mmoja, kama anayetafuta mteja wake. "Wapo humu niliowashonea viatu."

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani iliyoshuka puani na majalada yaliyompita kichwa, alimwambia atulie, zamu yake itafika. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu ambaye tangu asubuhi amewaambia watu tisa watulie.

Mkemia akaitwa. Akaapa.

"Kielelezo namba 412. Ni bangi?"

"Ni bangi."

Alishaanza kuinuka. Ilikuwa mazoea ya miguu tu.

"Subiri kidogo," mwendesha mashtaka alisema kwa upole. Akainua karatasi yenye muhuri. "Kipimo hiki cha madini ya risasi umekifanya wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa kielelezo hiki namba 412?"

Kwenye benchi ya pili Ratiba alikohoa, na haikuwa saa ya kikohozi chake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Mama sasa yuko kwenye foleni, Mkemia aliwaza, au amekwisha kuingia, amekaa mbele ya daktari na poda yake, anatafuta pa kuanzia. Labda wanamtoa damu. Labda chupa ya kwanza haijafunguliwa bado.

Neno lililotakiwa lilikuwa moja, ndiyo, na alikuwa ameshalitamka mara moja asubuhi ile bila kuumia popote.

Alimtazama Fundi Viatu. Mzee hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameinama, anamwonyesha askari aliyekaa karibu naye kwamba soli ya buti lake imeanza kuachia.

"Hapana," Mkemia alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, karani akauliza amesema nini.

"Nimesema hapana. Namba ni ya 412 lakini bangi haikuwa ya 412. Ya mzee huyu niliipima baadaye, haina risasi. Karatasi yake hii hapa." Akaitoa kwenye pochi, ile ya pili, iliyosukumwa kwa kidole kimoja.

Feni ililalamika. Mwendesha mashtaka aliketi, akasimama, akasema shahidi amechoka na anaomba kesi iahirishwe. Hakimu alimwashiria akae. Alizisoma karatasi mbili kwa zamu, ya kwanza, ya pili, tena ya kwanza.

"Dada," alisema, "hapa nina karatasi mbili, mashine moja, namba moja, saini moja. Moja inamfunga huyu mzee, nyingine inamwachia. Nitajuaje ipi ni ya kweli, usiponiambia hii yenye risasi ilitoka wapi?"

Mkemia alikuwa ametumaini, msomaji, kwamba nusu ya ukweli ingetosha. Alikesha akiipanga hiyo nusu. Sasa aliona haitoshi: akinyamaza hapo, ile namba ingebaki ya mzee.

"Ilitoka kwetu," alisema.

"Kwenu wapi?"

"Nyumbani. Chumbani kwa mama yangu. Ni mgonjwa, anaivuta ili aweze kula. Nilitaka kujua inamfanya nini, na hakuna mahali pa kupeleka kitu hicho kikapimwa, Mheshimiwa, ukiwa unataka kupona tu. Mashine inataka namba. Nikaazima yake."

Ratiba alishika kichwa. Mwendesha mashtaka alikuwa anaandika haraka. Fundi Viatu alikuwa ameacha habari ya soli, mdomo wazi, anamtazama msichana huyu kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

Hakimu alivua miwani, akayasugua macho kwa vidole viwili. "Unaelewa umesema nini? Mbele ya nani?"

"Naelewa."

"Mama yako yuko wapi sasa hivi?"

Hilo swali hakuwa amelipangia jibu. Lilimtoka lenyewe, kwa ile tabia ya kiapo, kwa yale majibu ya haraka ya miaka sita. "Hospitali," alisema. "Wodi ya pili. Watakuwa wanaanza kumtundikia dawa ya siku tano."

"Rudia," Hakimu alisema, bila kumtazama. "Taratibu. Karani aandike."

Akarudia. Jina la hospitali, wodi, kitanda cha upande wa dirisha ambacho Mama hupewa kila mara. Kalamu ya karani ilimfuata neno kwa neno, na ilipofika mwisho Mkemia akageuza shingo kumtafuta Fundi Viatu, angalau amwone mtu mmoja aliyepona leo.

Mzee alikuwa palepale. Askari aliyekaa naye hakuwepo, na nje, chini ya dirisha, gari la polisi lilikuwa limewashwa.